Damu Ile Haikuwa ya Mswaki

Rehema mwanangu,

Nimekaa mezani kwangu hapa Tandika, alasiri imeshaswaliwa, wewe na shangazi yako mmetoka kwenda kununua vitenge vya zawadi. Kesho asubuhi unaondoka kwenda Songea kuanza ualimu. Nimeona nitumie saa hizi mbili kuandika, kwa sababu kuna mambo nikiyasema kwa mdomo mbele yako nitayapunguza. Najijua. Ya begi, ya nauli, ya kutopokea chakula cha mtu usiyemfahamu safarini, mama yako keshakuambia huko Kimara kabla hujaja kuniaga. Simwongezei neno. Katika hayo hajawahi kukosea.

Mie nina mawili tu. Jana mchana tukiwa tunakula uliniuliza, "Baba, siku ile ya Fundi Hemedi, hasa ilikuwa nini?" Nikakujibu kwamba alinipitia shetani. Ukaendelea kuchambua samaki wako. Na leo asubuhi nimekuona uani ukipiga mswaki. Ulipotema, povu lilikuwa jekundu. Ukalimwagia maji haraka, ukasema, "Huu mswaki mgumu tu, baba."

Nikasema haya, nikaingia ndani. Lakini neno hilo halijanitoka tangu saa ile, maana ndilo nililokuwa nikilisema mimi, vilevile, miaka kumi na mitano iliyopita. Na lile la jana nilikudanganya. Hapakuwa na shetani. Palikuwa na mie na mdomo wangu. Swali lako na ile damu yako vina jibu moja, na jibu lenyewe si zuri kusikia.

Bucha letu la Buguruni unalikumbuka kwa mbali tu. Nilikuwa fundi pale. Nyama ikishushwa alfajiri, paja zima la ng'ombe nilikuwa nalimaliza kabla chai haijapoa, na koti langu jeupe lilikuwa jekundu kabla ya saa nne. Mtu anayeshinda na damu hashtuki kuona damu. Nilipoanza kuuma mkate nikaona wekundu kwenye mkate, nilifuta mdomo nikaendelea kula. Nilipopiga mswaki nikatema damu, nilisema mswaki mgumu. Nikanunua mwingine. Damu ikatoka. Nikasema basi, huu mswaki ndio unaonichana, nikauacha. Nikawa nasukutua maji ya chumvi na kutafuna karafuu, na sigara pakiti moja kwa siku.

Kuacha mswaki kulinipa raha ya wiki chache, kwa sababu damu sikuiona tena. Nikadhani nimepona. Ndani ya mwaka fizi zikawa zimevimba, laini, zina rangi ya ini bichi. Meno ya mbele ya chini yakaanza kuonekana marefu, nikajisifu kwamba meno yangu makubwa. Hayakuwa yamekua. Ni fizi zilizokuwa zinashuka. Nikilibonyeza jino kwa ulimi linacheza. Asubuhi naamka na ladha ya chuma mdomoni, na mto una doa. Hakuna kilichoniuma, Rehema. Hilo ndilo lililonimaliza. Jino lililotoboka humpigisha mtu kelele usiku kucha. Ugonjwa wa fizi hukaa kimya, unakula taratibu, na mwenye mdomo ndiye wa mwisho kujua.

Wa kwanza kujua ni wanaokaa naye karibu. Wateja walianza kusimama hatua moja nyuma ya meza. Wengine walikuwa wakiniagiza nyama wamegeuka pembeni kama wanatazama barabara. Na mama yako akaanza kulala amenipa mgongo.

Sikumuuliza. Mwanamume akigeuziwa mgongo haulizi, anahesabu. Nilihesabu siku. Nikahesabu mara anazotoka nyumbani, mara anazooga. Nikajijengea nyumba nzima ya mawazo humo ndani, na kila tofali nililiweka mwenyewe.

Mama yako ni mtoto wa watu wa pwani, unamjua, hana ulimi wa kumtia mtu aibu. Alianza kwa mbali. Akawa anatia iliki na karafuu nyingi kwenye chai yangu. Siku moja nikakuta kando ya sahani yangu mswaki mpya na dawa ya meno, vimefunikwa na leso. Akasema, "Baba Rehema, nimepita dukani nimekuletea." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepita penye mbwa amelala.

Nikamwambia, "Unanifundisha usafi?"

"Sijasema hivyo."

"Mie nanuka?"

Alikawia kujibu. Kukawia kule ndiko kulikonipandisha hasira. Nilimpiga kofi moja, sahani ikaruka, mchuzi ukamwagika kwenye mkeka. Hakulia. Aliinama akaanza kuokota vipande, na mimi nikakaa pale nikaendelea kutafuta sigara yangu. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Nakuandikia kwamba ilikuwa ya kwanza ili ujue zilikuwepo nyingine. Nilimpiga kwa chai kuchelewa. Nilimpiga kwa kucheka na jirani ukutani. Mara moja nilimburuza kwa nywele kutoka jikoni hadi chumbani, na sababu yake siikumbuki. Yeye bila shaka anaikumbuka.

Sasa nafika pako.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumapili, nimefunga bucha mapema. Ulitoka mbio ukanirukia, nikakunyanyua, nikakubusu shavuni. Ukageuza uso, ukaziba pua, ukacheka. Hukuwa na ubaya wowote. Ukasema, "Baba, mdomo wako unanuka kama ile ndoo ya utumbo!"

Nilikushusha chini. Sikukutupa. Nilikushusha taratibu, miguu yako ikagusa sakafu, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwamba nilipata muda wote huo. Kisha nikakupiga kwa mgongo wa mkono. Mdomo wako wa chini ukapasuka. Lile kovu dogo ambalo watu hudhani ni kishimo cha urembo, ni alama ya pete yangu.

Mama yako alitoka jikoni na mwiko wa moto. Alinipiga nao begani, mara mbili, kwa nguvu zake zote, na mie nikamshika shingo nikamgongesha kwenye fremu ya mlango mpaka damu ikamshuka machoni. Wewe ulikuwa unapiga kelele. Majirani walikusanyika uani. Mmoja akasema, "Baba Rehema, inatosha sasa." Alisema tu, hakuingia. Hakuna aliyeingia.

Ulisema kweli, mwanangu. Katika nyumba ile, na katika mtaa ule wote, wewe peke yako ulisema kweli, ukalipwa damu. Kwa hilo sijawahi kukuomba radhi. Nakuomba leo. Sikuambii unisamehe, nakuomba tu ujue kwamba ninalijua.

Baada ya siku ile mama yako alikuwa akitoka kila baada ya siku chache kwenda kwa Fundi Hemedi, yule mshonaji wa mitaa miwili kutoka kwetu. Mwembamba, mpole, mwenye maneno matamu kwa wateja. Nilimwona anakwenda mikono mitupu. Hana kitambaa, hana nguo ya kupunguza. Nikasema, ndiye huyu.

Nikamfuata Jumanne moja. Nikasimama nyuma ya kibanda cha mkaa, nikawaona barazani. Wanazungumza vichwa vimekaribiana. Hemedi akampa karatasi ndogo. Mama yako akaikunja akaifunga kwenye pindo la khanga, akaweka mkono kifuani kama anayeshukuru.

Nilirudi buchani Buguruni. Nilitembea sehemu, sehemu nilikimbia. Nilichukua kishoka cha kuvunjia mifupa, nikakifunga kwenye gazeti, nikarudi nacho. Njia nzima nilikuwa nasikia mapigo ya moyo kwenye fizi zangu. Sikudanganyi, zilikuwa zinapiga kama ngoma.

Mama yako alikuwa bado yuko pale, amesimama na wateja wengine. Hemedi ameketi kwenye cherehani, mkono wa kulia ameulaza juu ya kitambaa. Sikuuliza neno. Nilishusha upande wa nyuma wa kishoka juu ya mkono ule. Nikashusha tena. Nilisikia mifupa yake, na mie ni mtu ninayeijua sauti ya mfupa. Alilia kama mtoto. Nikakigeuza kishoka, upande wa makali sasa, nikageuka kumtafuta mama yako.

Hakukimbia. Alikuwa ameshafungua pindo la khanga. Akanisogezea ile karatasi usoni, akapiga kelele, "Soma! Soma, Bakari! Jina lako hilo!"

Palikuwa pameandikwa jina langu kwa kalamu ya bluu. Chini yake, "Fizi. Jumatano saa mbili asubuhi." Dada yake Hemedi alikuwa mfanya usafi kwenye kliniki moja ya meno. Mama yako alikuwa anamwomba Hemedi wiki zote zile amsemeshe dadake, niandikiwe nafasi ya mapema kabla watu hawajajaa, nisije nikakaa kwenye benchi watu wakanihama.

Sikupata muda wa kuielewa. Tofali lilinipata nyuma ya kichwa. Watu walinivamia kwa fimbo, kwa mateke, kwa kiti cha Hemedi mwenyewe. Mtu alinikanyaga taya. Nilitema meno matatu kwenye vumbi, nikasikia mmoja anajisifu, "Nimemng'oa matatu kwa teke moja!" Hakujua. Yale meno yalikuwa yameshaachia zamani. Hata mtoto angeyang'oa kwa vidole.

Polisi walinichukua nikiwa nusu mfu, na huo ndio uliokuwa wokovu wangu siku ile.

Siku ya tatu mahabusu shavu la kushoto likavimba hadi jicho likafunga. Homa, mwili unatetemeka, kinywa hakifunguki. Wenzangu walinisukuma nikae karibu na ndoo ya haja, wakasema harufu ni moja. Nilikojoa usiku na mchana, kiu haikatiki. Mwishowe askari wawili wakanipeleka hospitali na pingu.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke, Mhindi wa hapahapa Dar, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Wenzake walimwita Daktari Sakina. Hakunisalimia. Alinitia ganzi, akapasua lile jipu, usaha ukajaa kwenye kibakuli. Askari mmoja alitoka nje kutapika. Yeye hakukunja hata uso.

Nilipoweza kusema, akaniuliza, "Unapiga mswaki?"

"Niliacha. Ulikuwa unanitoa damu."

"Damu haikuwa ya mswaki. Fizi zilikuwa zinaumwa, mswaki ukakuonyesha. Wewe ukamfukuza aliyekuonyesha." Akachukua kijichuma chembamba chenye alama, akakizamisha kati ya jino na ufizi. Kilizama hadi nikaogopa. "Kwa mtu mwenye fizi nzima hiki kinaingia kidogo sana. Kwako kinazama. Askari wanasema kazi yako ni ya bucha?"

"Ndiyo."

"Nyama ikiachia mfupa yenyewe, inakuwa imefanywaje?"

"Imepikwa sana. Au imeoza."

"Yako haijapikwa," akasema.

Kisha akanieleza, mikono yake ikiendelea na kazi. Kwamba kila siku meno hujipaka utando laini, hauonekani, umejaa vijidudu. Usipouondoa unaganda kuwa ugaga, mgumu kama saruji, na mswaki hauutoi tena. Ufizi unauchukia ule ugaga, unavimba, unatoa damu. Ukishughulikiwa hapo, unarudi kama zamani. Ukiachwa, ufizi unaachana na jino, panakuwa na mfuko, mfuko unajaa uchafu, na chini yake mfupa wa taya unaliwa. "Na mfupa ukishaliwa," akasema, "haurudi. Naweza kuuzuia usiliwe zaidi. Kurudisha, hapana."

Akaagiza nipimwe sukari. Ilikuwa juu mno. Hakuna aliyekuwa amenipima hata siku moja. Akaniambia kisukari na fizi ni mtu na ndugu yake, mmoja akiharibika anamharibu mwenzie, na sigara inamficha huyo wa fizi, maana mvutaji fizi zake hutoa damu kidogo kuliko ugonjwa ulivyo.

Halafu akauliza, bila kuinua macho, "Nyumbani hakuna aliyewahi kukuambia?"

Nikasema, "Mke wangu. Na mwanangu."

"Ukawafanya nini?"

Askari aliyebaki akacheka kwa pua. Nikasema, "Niliwapiga."

Mikono yake ilisimama. Nikadhani ataniacha pale. Kisha akasema, "Fungua mdomo," akaendelea. Alining'oa manne mengine siku ile, yaliyokuwa hayashikiki tena. Kila moja lilipong'oka lilinipa sauti ileile niliyoisikia kwenye mkono wa Hemedi. Sikulia kwa maumivu. Ganzi ilikuwa imenishika.

Nilifungwa miaka miwili. Mama yako alikuchukua mkahamia Kimara kwa dada yake, akaniletea ujumbe kwamba anataka talaka. Niliitoa. Humo gerezani walinirudisha kwa Daktari Sakina mara mbili, akanikwangua ugaga juu ya fizi na chini yake, upande mmoja siku moja, upande wa pili siku nyingine. Nilianza vidonge vya sukari. Sigara niliacha kwa kukosa, kisha kwa kutaka. Na nikajifunza kupiga mswaki nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nilikuwa nausugua kama nasugua sufuria. Yeye alinifundisha kuuegemeza pale jino linapokutana na ufizi, nyuzi zake laini, na kuuzungusha polepole, jino kwa jino, nje na ndani, asubuhi na kabla ya kulala. Siku za kwanza damu ilizidi, nikatamani kuacha. Ilipofika kama wiki ya pili nikatema povu jeupe. Nilikaa nikalitazama lile povu kwenye sakafu ya bafu la jela mpaka mwenzangu akanisukuma nimpishe.

Ndiyo maana nakuandikia wewe kuhusu asubuhi ya leo. Huo mswaki wako nimeushika. Si mgumu. Damu yako bado ni ya mwanzo, naijua sura yake, na mwanzo unatibika wote bila kuacha alama. Usiuache mswaki. Piga vizuri zaidi palepale panapotoa damu, na pitisha uzi wa meno katikati ya meno mara moja kwa siku, kule mswaki usikofika. Kama baada ya wiki mbili damu haijakoma, usisubiri maumivu, hayatakuja. Nenda ukakwanguliwe. Na kwa kuwa una damu yangu, pima sukari ukifika, kisha uwe unapima. Siku Mungu akikujaalia ujauzito, fizi huvimba kwa urahisi zaidi, usiruhusu mtu akuambie ni kawaida tu ya mimba. Chumvi na karafuu vinatuliza, havitibu. Mie nilituliza miaka minne.

Sasa lile swali lako la jana. Nimeona watu wakinionea huruma wakishasikia habari hii. Wanasema, masikini, kumbe ulikuwa mgonjwa, kumbe sukari ilikuwa inakuchanganya. Nami kuna miaka niliipenda huruma hiyo, nikaivaa kama kanzu. Usiikubali, Rehema. Mtu asikuambie baba yako alikuwa mkali kwa sababu ya fizi. Kuna watu wengi mitaani kwetu wana fizi mbovu kuliko zangu, na wake zao hawajui kofi. Ugonjwa ulinifanya ninuke. Kupiga nilipiga mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia.

Nilipotoka nilikwenda kwa Hemedi kwanza. Ana vidole viwili havikunjiki hadi leo. Anakata kwa mkono wa kushoto, kushona anawaelekeza vijana. Nilimsalimia, nikakaa chini kwenye sakafu, nikamwambia nimekuja kumwomba radhi.

Akanitazama sana. Akasema, "Umekuja kuniomba radhi, au umekuja kutua mzigo?"

Nikasema, "Yote mawili, fundi."

"Radhi nitaifikiria. Mzigo ondoka nao."

Bado anaifikiria. Huwa napita pale sikukuu zote mbili, namsalimia, ananijibu. Basi.

Kisha nikaenda Kimara. Wewe ulikuwa shule, na nina hakika mama yako hakukuambia. Nilikuwa nimewekewa meno ya bandia, mapya. Nilipiga mswaki asubuhi ile mara tatu. Nilivaa kanzu nyeupe. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya mjinga, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshalipanga jambo: kilichomfanya anigeuzie mgongo kimeondoka, basi naye atageuka.

Alikuja mlangoni amejifunga khanga, mikono ina unga. Hakuniambia karibu. Nikasema, "Mama Rehema, nimepona. Daktari kanipima, fizi zimekauka, harufu hakuna tena." Hakusogea pale mlangoni. Nikadhani haamini. Nikasogea hatua moja, nikainamisha uso kwake ili mwenyewe asikie pumzi yangu, ahakikishe.

Akaruka nyuma. Mikono yote miwili ikapanda juu, na unga ukammwagikia kichwani. Hakuziba pua. Alijikinga kichwa, palepale penye lile kovu la fremu ya mlango.

Tulisimama hivyo. Yeye amejikunyata, mie mikono nimeining'iniza, sijui niiweke wapi. Nilitamani niikate. Baadaye akaishusha yake polepole, akajifuta uso kwa upindo wa khanga, akaniambia kwa sauti ya chini, sauti isiyo na hasira hata kidogo:

"Mdomo wako ningeuvumilia mpaka kaburini, Bakari. Miaka minne nimelala nao. Mikono yako ndiyo iliyonishinda."

Akafunga mlango. Hakuubamiza. Nilisikia komeo likiingia, kisha miguu yake ikirudi jikoni.

Nasikia sauti zenu nje sasa, shangazi yako anacheka. Nitaitia karatasi hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya vyeti. Ukiisoma ukitaka kunipigia, nipigie saa yoyote. Usipotaka, nitajua umeisoma.

Mimi niliyekuzaa,
Bakari